Waandishi tisa wapewe kamera, wapiga picha wanne waende wapi?

SWALI

Wapendwa washauri,

Ninasimamia dawati la picha katika kituo kidogo cha televisheni. Nina wapiga picha wanne, na chumba chetu cha habari kina waandishi tisa. Mkurugenzi ameamua kwamba ndani ya miezi mitatu kila mwandishi awe anajipigia picha mwenyewe. Hesabu yake ni nyepesi: leo tuna timu nne za kutoka, kesho tutakuwa nazo tisa. Baada ya hapo wapiga picha watabaki wawili.

Waandishi walipata mafunzo ya siku tatu kutoka kwa aliyetuuzia kamera. Siku mbili na nusu ziliishia kwenye vitufe na menyu, kisha wakaingizwa kazini. Katika habari kumi za kwanza walizopiga peke yao, nne zilikuwa na sauti mbovu, mbili zilikuwa na uso mweusi mbele ya dirisha linalong'aa, na moja haikurekodiwa kabisa ingawa mwandishi anaapa kwamba alibonyeza kitufe. Tatu zilirushwa. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa bora kuliko kazi zetu za siku nyingi: mwandishi alikaa kutwa nzima na mama mgonjwa nyumbani kwake, na yule mama akazungumza kana kwamba hakuna kamera chumbani.

Wapiga picha wangu wanaona wanachimbishwa kaburi lao wenyewe, kwa sababu sasa wao ndio wanaotakiwa kuwafundisha waandishi upya. Mmoja amekataa. Waandishi nao wanasema wameongezewa kazi bila kupunguziwa nyingine. Mkurugenzi anataka nimwandikie mapendekezo kabla ya mwisho wa mwezi. Habari zipi zinamfaa mtu mmoja, na zipi hazimfai? Mafunzo tuyaanzie wapi? Na wapiga picha niwaambie nini?

Msimamizi wa dawati la picha

JIBU

Ndugu Msimamizi,

Tuanze na hesabu ya mkurugenzi, maana usipoijibu, mengine yote utakayoandika hayatasomwa.

Kupungua kwa watu nyuma ya kamera hakukuanza kwenu. Enzi za filamu ya milimita 16, timu ya habari ilikuwa na mpiga picha, mtu wa sauti, na mara nyingi mtu wa taa. Video ilipoingia miaka ya 1970, kamera ilikaa begani kwa mmoja na mashine ya kanda ikabebwa na mwenzake, wote wawili wakitembea wamefungwa kwa waya mmoja. Mwaka 1982 Sony ikaleta Betacam, kamera na kinasa kanda katika mwili mmoja, na mtu wa sauti akaanza kukosa nafasi ndani ya gari. Mwaka 1992 kituo cha NY1 cha New York kilifunguliwa kikiwa na waandishi wanaobeba kamera zao wenyewe. Mwaka 1995 ikaja VX1000 ya Sony, kamera ya digitali ya kushika mkononi iliyotoa picha ya kurushwa hewani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 BBC ikawapeleka waandishi wake wengi kwenye mafunzo ya kujipigia picha. Magazeti nayo yakafuata. Mwezi Mei mwaka 2013 Chicago Sun-Times iliwaachisha kazi wapiga picha wake wote 28 wa kudumu, na waandishi wakafundishwa kupiga kwa simu.

Katika safari yote hiyo, kila mtu aliyeondolewa aliiacha kazi yake palepale, ikamwangukia aliyebaki. Mtu wa sauti alipoondoka, mpiga picha ndiye aliyevaa hedifoni. Sasa mkurugenzi wako anataka mpiga picha aondoke, na kazi mbili alizokuwa amezibeba, picha na sauti, zimwangukie mwandishi ambaye tayari ana yake. Kamera imekuwa nyepesi na rahisi, hilo hatubishi. Usikivu wa binadamu umebaki uleule.

Mwangalie mwandishi katikati ya mahojiano. Anasikiliza jibu, anapima kama linapingana na alichoambiwa asubuhi, anatunga swali linalofuata. Dakika hiyohiyo mpiga picha anaangalia fremu, fokasi, wingu linalopita mbele ya jua, sindano ya sauti, betri, na mtu anayekaribia kupita nyuma ya mhojiwa. Ukimpa mmoja yote, lazima kitu kimoja kiachwe, na mara nyingi kinachoachwa ni sauti, kwa sababu haionekani kwenye skrini. Ndiyo maana katika habari zenu saba zilizoharibika, nne ziliharibika kwa sauti. Hao waandishi si wazembe. Walikuwa wanamsikiliza mhojiwa, kama inavyopasa, na hakuna aliyekuwa anaisikiliza maiki.

Kwa hiyo kwenye mapendekezo yako usiandike nani bora kati ya mpiga picha na mwandishi. Mjadala huo hauna mwisho na utakugombanisha na pande zote. Andika kazi yenyewe inadai nini.

Kuna kazi ambazo mtu mmoja mwenye kamera ndogo anazifanya vizuri kuliko watu wawili, na mfano mnao wenyewe: yule mama mgonjwa. Nyumbani kwa watu, wodini, kwenye gari lenye kiti kimoja kilichobaki, kwa mtu mwenye haya au aliyefiwa, popote ambapo saa tatu za mwanzo ni za kuzoeana tu. Mtu wa pili na kamera kubwa begani hubadilisha chumba. Weka pia hapa mahojiano ya kukaa na mtu mmoja, makala za siku kadhaa, na mikutano ya waandishi ambako kila kitu kinatokea jukwaani.

Kazi za watu wawili ni zile zinazotokea mara moja na hazirudiwi: mtuhumiwa anashuka kwenye gari la polisi, umati unasogea, matokeo yanatangazwa na ukumbi unalipuka. Hapo mwandishi anatakiwa kusikia na kuuliza, mpiga picha anatakiwa kuona, na sekunde sita zikipotea zimepotea. Ongeza matangazo ya mubashara, kazi za usiku, na kila kinachohitaji lenzi ndefu kutoka mbali, kwa sababu lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko wa mkono.

Kisha kuna kazi ambazo mtu mmoja hatakiwi kutumwa, hata akiwa hodari kiasi gani: ghasia, moto, mafuriko, mahali ambapo askari na raia wametazamana. Jicho moja likiwa kwenye kitundu cha kutazamia, upande mzima wa mwili hauoni. Mpiga picha anayerudi nyuma huku anapiga hukanyaga shimo, huingia barabarani, huipa hatari mgongo. Mwenzake husimama nyuma yake mkono ukiwa begani au kwenye mkanda, akimvuta na kumwongoza. Hiyo ni kazi kamili na haina wa kuifanya kama umetuma mtu mmoja. Hili liandike kama sharti, na usikubali lipunguzwe liwe ushauri.

Sasa mafunzo. Siku tatu zinatosha kumfundisha mwandishi kupiga mahojiano ya kukaa na picha za kufunika, zile zinazoonekana msimulizi anapoongea, za tukio tulivu. Hazitoshi kwa zaidi ya hapo, na zikitumika kwenye menyu hazitoshi hata kwa hilo. Tungekuomba mpate siku tano, na siku ya kwanza nzima iwe ya sauti bila picha hata moja. Watu watanuna. Wavumilie.

Siku hiyo kila mmoja avae hedifoni zinazofunika masikio, achomeke maiki, amrekodi mwenzake. Maiki ya kola ikae kifuani, upana wa kiganja kilichokunjuliwa chini ya kidevu, yaani kama sentimita 15 hadi 20. Ikiwa juu zaidi, kidevu kinaizibia sauti. Ikishuka chini, inachota mwangwi wa chumba. Mkufu, skafu na koti la nailoni husugua, na msuguo huo hauondoki kwenye uhariri. Waache wausikie wenyewe. Kisha wapange kiwango: mtu anapoongea kawaida, vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12, na akipaza sauti visivuke -6. Sifuri kwenye kamera ya digitali ni ukuta; kilichogonga pale kimekatika, na hata ukishusha sauti baadaye kinabaki kimekatika. Sauti ya otomatiki izimwe kwenye mahojiano, kwa sababu mhojiwa akinyamaza kufikiri, kamera inapandisha ngurumo ya kiyoyozi ikidhani ndiyo mazungumzo.

Chaneli ni mbili na zote zitumike. Maiki ya kola iingie ya kwanza, maiki ya juu ya kamera iingie ya pili kama akiba. Maiki isiyo na waya iwekewe betri mpya au iliyojaa kila kazi, hata kama ya jana inaonyesha nusu. Nje kwenye upepo sponji haitoshi, unahitaji kofia ya manyoya. Maiki ndefu za juu ya kamera kwa kawaida zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kamera. Maiki ya kawaida ya mkononi ya ripota haiuhitaji. Anayesahau kuwasha swichi ya umeme huo anarudi na ukimya kwenye chaneli.

Kuna kosa moja la mikutano ya waandishi ambalo muuzaji wa kamera hatawafundisha. Ukichukua sauti kutoka kwenye mitambo ya ukumbini, mara nyingi inakuja kwa nguvu ya laini, ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko nguvu ya maiki. Swichi ya kamera ikiwa kwenye maiki, sauti inaingia imepasuka kabisa, na kushusha kitufe cha kiwango hakusaidii kwa sababu imepasukia mlangoni. Kinyume chake, sauti ya maiki ikiingizwa kwenye laini, haisikiki. Mpiga picha mzoefu anaisikia hitilafu hiyo kwenye hedifoni ndani ya sekunde mbili. Mwandishi ambaye hakufundishwa anaona sindano inacheza, anaridhika.

Siku ya pili iwe ya tripodi na ya kutulia. Kiputo cha maji cha kupimia usawa kikae katikati, fremu ikae, kitufe kibonyezwe, na mtu ahesabu hadi kumi bila kugusa kitu. Mhariri anahitaji sekunde nne au tano, na zilizobaki mbele na nyuma ndizo zinazompa nafasi ya kukata na kuunganisha. Mwandishi mgeni huzungusha kamera kama anayemwagilia bustani, na ndani ya dakika tatu hakuna pa kukata. Mfundishe picha tano za tendo moja: mikono inayofanya kazi, uso wa anayefanya, mandhari yote, picha ya juu ya bega lake inayoonyesha anachokiona, na moja kutoka pembe ambayo haikutarajiwa. Zote zipigwe kutoka upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaopita kati ya mtu na anachokitazama. Akiuvuka mstari, mtu anayetazama kulia anageuka ghafla kutazama kushoto, na mtazamaji anapotea.

Wafanyie hesabu hii ubaoni. Habari ya sekunde 90 yenye kauli mbili za sekunde 12 inabaki na sekunde 66 za kufunika. Kwa sekunde tano kila picha, ni picha 13. Mtu apige mara mbili ya hapo, yaani kati ya 25 na 30, aache. Anayerudi na saa nzima ya picha ghafi amemwongezea mhariri kazi ya kuchambua, na kwa kawaida ni ishara kwamba hakuamua alichokuwa anakitafuta.

Mwanga na rangi wavipate siku ya tatu, kwa ufupi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ikae 1/50 ya sekunde. Mahali penye umeme wa herzi 50, 1/50 au 1/100 huzuia taa kumetameta. Penye herzi 60, 1/60 au 1/120. Jua likizidi, weka filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, badala ya kukimbilia shata ya haraka, maana shata ya haraka hufanya mwendo uonekane wa kurukaruka. Rangi nyeupe isomwe kwenye karatasi kila mwanga unapobadilika. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, taa za kizamani za ndani ziko kati ya 2700 na 3200, mchana uko karibu na 5600, na chumba chenye vyote viwili kinataka uamuzi: funga pazia au zima taa. Geini, yaani kuongeza mwanga wa picha kwa umeme, iachwe sifuri mpaka giza likulazimishe.

Hapa kuna jambo ambalo wapiga picha wako wanalijua na linapaswa kuandikwa ukutani. Mistari ya pundamilia, ile inayotokea kwenye skrini juu ya sehemu zilizofikia mwanga uliopangwa, ikiwekwa asilimia 70 imezoeleka kupimia sehemu zinazong'aa za uso wenye ngozi nyeupe. Ukiitumia kama sheria kwa ngozi nyeusi, unaichubua. Ngozi nyeusi hukaa vizuri chini ya hapo, karibu na 45 hadi 55. Hatari ya upande wa pili ndiyo mliyoipata: kamera ya otomatiki inaona dirisha linalong'aa, inafunga lenzi, na uso unageuka kivuli. Kabla ya kugusa kitufe chochote, mgeuze mhojiwa. Dirisha likae ubavuni mwake, limwangaze shavu moja, na kamera ipige ikiwa imelipa dirisha hilo ubavu vilevile.

Siku ya nne ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa ni mahojiano bila mwenzako. Mtu akiwa peke yake husimama nyuma ya kamera na kuuliza kutoka juu ya skrini, na mhojiwa anaonekana anaongea na dari. Mwandishi aketi. Kichwa chake kiwe pembeni kabisa ya lenzi na katika kimo kilekile, skrini ikiwa imegeuzwa upande wake ili aichungulie bila kugeuza shingo. Fremu iwe pana kidogo kuliko ambayo mpiga picha angechagua, kuanzia katikati ya kifua, kwa sababu mhojiwa atasogea na hakuna wa kumfuata. Nafasi iachwe upande anaoutazama. Uwazi wa lenzi uwe f/4 au f/5.6 (namba ikiwa ndogo, uwazi ni mkubwa): wenye f/1.8 hupenda ule ukungu mzuri wa nyuma, lakini mhojiwa akiegemea mbele sentimita tano macho yanaingia kwenye ukungu huohuo.

Fokasi iwe ya mkono, kwenye jicho. Kwenye kamera za video zenye zumu yake, vuta hadi mwisho, weka fokasi, rudi nyuma. Kwenye kamera za picha mnato usifanye hivyo, lenzi zake nyingi hupoteza fokasi zumu inapobadilika. Kuza picha kwenye skrini badala yake. Kisha aangalie kihesabu cha muda kinasonga. Yule aliyeapa kwamba alibonyeza tunamwamini, na huenda alibonyeza mara mbili. Kuanzia hapo kila kitu hugeuka: kamera inarekodi miguu yake akitembea na inasimama mhojiwa anapoanza kuongea. Taa nyekundu pekee haitoshi. Namba zinazosonga ndizo za kuaminiwa. Baada ya swali la pili aangalie tena, na kila baada ya dakika tano. Kauli nzito ikitoka wakati hana uhakika na sauti, aombe irudiwe palepale. Mwishoni, kabla mtu hajavua maiki, arekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba, mhariri atazihitaji kuziba mapengo.

Wanaotumia simu wafuate hayohayo, pamoja na haya: lenzi ya nyuma, ishikwe kwa ulalo, mwanga na fokasi vifungwe, na mawasiliano yazimwe ili simu isiite katikati ya jibu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde zenyewe, na katika uhariri sauti inaanza kuachana na midomo. Tumia programu inayofunga fremu 25 au kiwango mnachorushia.

Siku ya tano, habari kamili na saa ya mwisho. Halafu mafunzo yenyewe ndiyo yanaanza: kwa wiki nne, kila mwandishi akae nusu saa na mhariri wa video wakitazama picha ghafi, zile ambazo hazijakatwa. Habari iliyokamilika huficha makosa. Picha ghafi hazifichi.

Begi liwe moja kwa wote, lenye vitu vilevile mahali palepale: kamera, betri tatu, kadi mbili, tripodi, maiki ya kola isiyo na waya pamoja na ya waya ya akiba, maiki ya mkononi, kofia ya manyoya, hedifoni, taa ndogo ya LED. Kadi isifutwe mpaka picha ziwe zimenakiliwa sehemu mbili na mtu amezifungua kuhakikisha zinacheza.

Tukirudi kwa wapiga picha wako, hofu yao ni ya kweli na usiibembeleze. Usiwaambie hakuna atakayepoteza kazi kama hujui. Waambie unachopendekeza, kisha kipendekeze kwa maandishi: ualimu uwe sehemu ya kazi yao kwenye mkataba, wenye saa zake na malipo yake, siyo hisani baada ya zamu. Yule aliyekataa usimlazimishe. Mwalimu aliyelazimishwa hufundisha vitufe tu, na hicho mmekwisha kukilipia.

Na hapa tuna kauli kali zaidi kidogo. Mafunzo ya namna hii karibu kila mahali huenda upande mmoja, mwandishi anafundishwa kamera na hakuna anayewaza kumfundisha mpiga picha kuuliza. Ni upotevu mkubwa. Mpiga picha mara nyingi hufika kwanza, husimama karibu zaidi, na ameshuhudia matukio mengi kuliko waandishi wengi. Mfundishe kuchukua jina kwa herufi sahihi na cheo, kumwachia mtu nafasi amalize kueleza alichokiona, kuuliza swali la pili linalotokana na jibu, kujua mipaka ya mahakamani na ya watoto, na kuandika mistari sita ya habari. Ndani ya wiki tatu utakuwa na watu wanne wanaoweza kwenda peke yao kwenye kazi ngumu za picha na kurudi na habari. Mkurugenzi anatafuta timu nyingi zaidi. Hizo ni nne ambazo hakuzihesabu, na mafunzo yake ni mafupi kuliko ya kumfanya mwandishi awe mpiga picha.

Mwandishi anayejipigia apangiwe habari moja kwa zamu katika miezi mitatu ya kwanza. Kufunga vifaa, kutafuta mwanga, kukagua, kufungasha na kunakili kadi kunamla saa mbili ambazo zamani alikuwa anapiga simu na kuandika akiwa ndani ya gari. Akipangiwa mbili, atapunguza simu za kuhakikisha taarifa, kwa sababu picha ikikosekana kila mtu anaona, lakini simu ambayo haikupigwa haionekani mpaka siku habari ikanushwe. Malalamiko yao kwamba wameongezewa bila kupunguziwa ni ya haki, yaandike kwa lugha hiyo.

Usimwombe mkurugenzi aache mpango. Mwombe wiki nane kabla ya kumgusa mpiga picha yeyote, na katika wiki hizo fungua daftari. Kila kazi mstari mmoja: nani alikwenda, wakiwa wangapi, saa ya kutoka, saa ya kurushwa, kilichoharibika, na kama ilibidi mtu arudi tena. Daftari likae mezani kwa mhariri wa video na ajaze yeye, siyo wewe wala waandishi, kwa sababu picha zote hupita mikononi mwake na hana upande wa kuutetea.